Wazee wa Kalembe Waandikwe Sasa

Vijana wa Kalembe, kuhesabu mnajua. Mnahesabu magunia ya maharagi siku ya soko, mnahesabu zamu za likelemba, mchango wetu wa kupokezana, bila kukosea faranga, na kila mwenye deni mnamjua kwa jina la babake. Basi nijibuni hili: ni wazee wangapi hapa petu hawawezi tena kuteka maji wenyewe? Wangapi wanalala peke yao? Wangapi wameacha dawa ya tansion kwa sababu hakuna wa kuwafikisha kwenye sentre ya afya?

Kimya. Na hapo ndipo kazi yetu inapoanza, kwa sababu mtu ambaye hajaandikwa popote hapangiwi kitu na yeyote.

Msije mkafikiri tunaomba huruma. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye umri mkubwa haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake. Ni sheria mama, ipo kwa maandishi. Lakini angalieni nani anayefikiwa na mkono wa serikali leo: pensheni ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, humwendea aliyekuwa na mshahara na kukatwa mchango. Aliyelima mihogo miaka 50 hana karatasi ya mchango. Kazi za barabara za THIMO, zile za vibarua wengi, zilisaidia familia nyingi mashariki ya nchi, ila zilimtaka mtu mwenye nguvu ya kushika jembe na beleshi. Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984. Hata kwenye kura, Desemba 2023 Walikale walipiga, Masisi hawakupiga kwa ajili ya vita, na kijiji chetu kimekaa mpakani mwa teritwari hizo mbili. Mnaona wenyewe jinsi mzee anavyopotea kati ya madaftari ya wengine.

Sasa tazameni Zanzibar, watu wa Kiswahili kama sisi, visiwa visivyo na dhahabu wala koltani. Aprili 2016 serikali yao ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka bajeti yake yenyewe, awe alikuwa mwalimu au mvuvi. Baadaye kiasi kikapanda hadi 50,000. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, imefungulia wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Uganda ilianza mwaka 2010 katika wilaya chache, ikapanua polepole hadi kufikia wenye miaka 80 nchi nzima. Si pesa za kutajirisha mtu, lakini zinanunua sabuni, chumvi na dawa, na mjukuu anayetumwa dukani anarudi na heshima kwa mwenye pesa. Kote huko, kabla ya senti kutoka, majina ya wazee yaliandikwa kwanza. Kazi hiyo sisi tunaiweza bila kungoja Kinshasa.

Kila nyumba kumi itoe vijana wawili, mmoja awe msichana, maana kuna mambo mama mkongwe hatamwambia kijana wa kiume. Kila mzee apewe ukurasa wake mzima. Umri utawasumbua, kwa sababu wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Msiandike "mzee sana", haitasaidia ofisini. Muulizeni: uhuru wa 1960 ulikukuta mtoto au umeshaolewa? Pesa zilipogeuka zaire, mwaka 1967, ulikuwa na watoto wangapi? Nyiragongo ilipolipuka Januari 1977, kitinda mimba wako alikuwa anatembea? Maswali matatu tu, na mama anayesema hajui miaka yake atawapa umri ambao karani hataweza kuucheka. Tena atawasimulia mengine mengi. Kaeni, sikilizeni, hamna haraka.

Halafu andikeni yale ya nyumbani kwake. Maji yako umbali gani na nani anambebea bidoni ya lita 20. Manjanja ya paa yanavuja au yamebaki mashitingi tu. Anaona? Anasikia? Choo anafika mwenyewe usiku? Anakula mara ngapi?

Hapa niseme neno gumu. Katika nchi ya vita orodha ya watu inaweza kuua. Kwa hiyo msiandike kabila, msiandike mtoto wa mzee yuko jeshi gani, wala msipige picha na kuzitupa WhatsApp. Daftari moja likae kwa mwuguzi mkuu wa sentre, la pili kwa pasta au paroko. Bendera ikibadilika, karatasi hiyo isimdhuru mtu.

Oktoba 2024, waasi wa M23 walipoingia Kalembe, kisha kijiji kikachukuliwa tena kutoka mikononi mwao ndani ya siku chache, walio na miguu walikimbia. Ndiyo sababu kila ukurasa uwe na mstari mmoja zaidi: majina ya vijana wawili watakaoondoka na mzee huyu risasi zikilia. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa shambani. Huo ni msaada wa nyumbani usiohitaji sahihi ya waziri. Na wakati wa utulivu, wawili hao hao wagawane zamu ya maji na kuni, na salongo moja ya kazi ya pamoja kwa mwezi iende kwenye paa na vyoo vya wazee.

Lakini msikubali kuibebea serikali mzigo wake milele. Daftari likijaa, toeni jumla bila majina, mpeleke barua mbili: moja kwa sheferi ya Bashali, upande wa Masisi, moja kwa sekta ya Wanianga, upande wa Walikale, na nakala kwa ofisi ya Mambo ya Kijamii. Mbili, ili asipatikane wa kuwaambia "hao ni wa upande wa pili". Sheferi na sekta, kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, zina bajeti yao. Ombeni mstari mmoja wa wazee humo, hata uwe mdogo, na wanaobeba maji walipwe kitu. Kila mbunge atakayekuja na fulana za kampeni aonyeshwe jumla ile ile.

Wako watakaosema vita viishe kwanza. Mzee wa miaka 82 hana muda huo, na tangu vita vya 1993 tumengoja vya kutosha.

Jumapili hii basi, baada ya misa na ibada, wakubwa wa nyumba kumi wabaki uwanjani dakika chache. Daftari, kalamu, vijana wawili kwa kila nyumba kumi. Jumatatu muanze na nyumba za mbali.