Kodi ya Tajiri Aliyehama

Mama anayeuza mboga sokoni Kikula hutoa kodi ya soko, auze au asiuze. Hawezi kuhama. Lakini wako watu wanaoweza. Tajiri humwita mwanasheria, huuliza ni nchi gani ikatayo kodi kidogo, kisha hufunga masanduku yake.

Uswisi ni mojawapo ya nchi hizo. Mgeni tajiri asiyefanya kazi ya kuchuma humo aweza kupatana na wakubwa wa jimbo atozwe kodi kadiri ya matumizi yake, si kadiri ya mapato yake yote duniani. Wenyeji wa jimbo la Zürich waliufuta utaratibu huo kwao mwaka 2009. Mwaka 2014 taifa zima lilikataa kuufuta.

Je, mtu huyo atenda dhambi? Tusikimbilie kusema ndiyo. Kuhama si kuiba. Babu zetu wengi walihama Kasai na Rwanda kuja kuchimba shaba hapa, nao walifuata faida. Zamani hata walimu wengine wa maadili katika Kanisa walifundisha kwamba sheria ya kodi haifungi dhamiri: ukikamatwa, lipa faini, basi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwakemea wanaokwepa kwa hila kodi zilizo za haki. Lakini yule anayehama mchana, asifiche kitu, hila yake iko wapi?

Mimi nauliza neno jingine: mali yenyewe ilitoka wapi?

Kampuni ya Glencore, yenye migodi ya shaba na kobalti huko Kolwezi, ina makao yake makuu Baar, katika jimbo la Zug linalojulikana kwa kodi ndogo. Mwaka 2011 ilipouza hisa zake London, mkuu wake wa wakati ule, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa akikaa Rüschlikon, kando ya ziwa la Zürich. Kodi yake ilikuwa kubwa ajabu, na sehemu yake ikagawiwa vijiji vingine vya jimbo. Watu wa Hedingen walipopata fungu lao walianza kubishana: fedha hizi ni zetu kweli? Septemba 2013 walipiga kura, wakaamua franka 110,000 ziende kwa mashirika yanayosaidia watu wa nchi za migodi. Walioshinda walikuwa 764, walioshindwa 662.

Nawapenda watu wale. Hakuna aliyewalazimisha. Hata hivyo sadaka si malipo ya deni. Kama fedha ile ilikuwa na haki ya Kolwezi ndani yake, basi haki hiyo ilipaswa kulipwa Kolwezi, kabla haijapanda ndege.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Likasi ilipokuwa bado ikiitwa Jadotville, sheria ya Ubelgiji ya tarehe 17 Juni 1960, siku 13 kabla ya uhuru, iliyaruhusu makampuni ya Kongo yajigeuze kuwa ya Kibelgiji. Union Minière ilifanya hivyo. Kiwanda cha Shituru hakikusogea hata hatua moja. Kilichohama ni makao, tena kwenye karatasi.

Msomaji wa Panda atanijibu: kodi yetu yaliwa na wakubwa, kwa nini tajiri awalishe? Neno hilo ni zito. Mwaka 2017 shirika la Global Witness lilitoa hesabu kwamba dola zaidi ya milioni 750, zilizolipwa na makampuni ya madini kwa idara za serikali ya Kongo kati ya 2013 na 2015, hazikufika katika hazina ya taifa. Sitalipunguza. Lakini mwenye haki ya kulisema ni yule mama wa Kikula, naye ndiye anayelipa. Tajiri akiondoka, mzigo wake hauondoki naye. Huangukia mabega ya asiyeweza kuondoka.

Na sisi je? Yuko mfanyabiashara wetu mmoja ambaye, akipitisha mali Kasumbalesa, huandika nusu ya bei. Huyo hakuhama, amedanganya tu. Nilimsikia akijitetea baada ya Misa kwamba serikali ni wezi. Jioni ileile alikuwa akilalamika juu ya mashimo ya barabara iliyo mbele ya duka lake.