JE, UONGO WA KUOKOA MAISHA NI DHAMBI?

Kijana, karatasi hii haikufika mkononi mwako kwa bahati tu. Kaa hapo kivulini dakika tano, uisome mpaka mwisho.

Jibu kwanza swali hili: tangu umeamka leo, umedanganya mara ngapi? Mtu kakupigia simu, wewe bado uko kitandani, ukamjibu, "Niko Kisesa hapa, nakaribia!" Binti kakuuliza kama umepima, ukasema, "Mimi niko safi," na kituo cha afya hujawahi kukanyaga. Ukiambiwa ni dhambi unakuwa mkali: "Aa, mtumishi! Mjini huishi bila uongo. Hata Rahabu kwenye Biblia alidanganya, na Mungu akambariki!"

Haya, tuitazame hoja yako. Biblia haiogopi maswali.

WAKUNGA NA RAHABU

Farao aliwaamuru wakunga Shifra na Pua wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Hawakuwaua. Walipoulizwa, wakamwambia kwamba wanawake wale hujifungua kabla mkunga hajafika. Mungu akawatendea mema (Kutoka 1:15-21). Rahabu naye aliwaficha wapelelezi darini, akawaambia watu wa mfalme kwamba wamekwisha ondoka (Yoshua 2). Jina lake limo katika orodha ya watu wa imani (Waebrania 11:31).

Wako watumishi wanaosema Mungu alibariki imani yao, si uongo wao. Wengine wanasema muuaji hana haki ya kudai umwambie aliko mtu anayetaka kumwua. Lakini mhubiri gani atakwambia Rahabu angewatoa wale watu wakauawe?

KARIBU NA KWETU

Mwaka 1994 maiti za waliouawa Rwanda zilishuka na mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, ziwa hili hili tunalovua. Huko Rwanda, sehemu za Ruhango, mama mmoja aitwaye Zura Karuhimbi aliwaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake. Wauaji walipofika mlangoni aliwatisha kwamba wakiingia mizimu itawashukia. Wakaogopa, wakaenda zao. Hakuwa na bunduki wala panga. Alifariki Desemba 2018.

Sasa tazama Kanda yetu ya Ziwa. Waganga waliwadanganya wavuvi na wachimba dhahabu kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri. Watu wakauawa, watoto wakaporwa usiku mikononi mwa mama zao. Vikongwe wakakatwa mapanga kwa ajili ya ramli, eti macho yao ni mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka mingi! Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, lakini waliokufa walikuwa wamekwisha kufa.

Umeona? Yule mama alitaja mizimu ili wauaji waondoke mlangoni. Hawa walitaja mizimu ili wauaji waende mlangoni. Je, utaniambia uongo ni uongo tu, yote sawa?

JIPIME MWENYEWE

Basi chukua kipimo hiki: uongo wako unamlinda nani, na nani analipa? Rahabu angegunduliwa, angelipa kwa shingo yake. Wakunga vivyo hivyo. Walijitia hatarini ili mnyonge aishi.

Na wewe je? Mkulima anaweka maji na mchanga kwenye pamba, anasema, "Mnunuzi naye anachezea mizani." Mnunuzi anachezea mizani, anasema, "Wakulima wanaweka mchanga." Kila mmoja mwenzake ndiye aliyeanza! Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Hawakuwa wanamficha mtu. Walikalia viti ambavyo vijana wenye vyeti halali walikuwa wanavitafuta. Na yule binti uliyemwambia uko safi, nani atalipa? Yeye, na pengine mtoto wake.

Kijana, usiku wa leo watu wenye mapanga wakikugongea wakimtafuta mtoto mwenye ualbino uliyemficha ndani, usisite. Waambie hayupo! Piga yowe, ita majirani! Mungu atakuuliza ulimfanyia nini mtoto yule.

Lakini niambie kweli: tangu uzaliwe umegongewa mlango huo mara ngapi? Na umedanganya mara ngapi? Acha kujificha nyuma ya Rahabu. Na siku hiyo ya hatari ikija kweli, ukapiga yowe, nani atatoka? Si watasema, "Yule tumemzoea, ni mwongo"? Njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu.

UKO UPANDE GANI?

Yesu alisema Shetani ni baba wa uongo (Yohana 8:44), na kwamba Yeye mwenyewe ndiye kweli (Yohana 14:6). Zakayo alipompokea hakuishia kufurahi. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne (Luka 19:8). Nawe fanya hivyo. Rekebisha mizani. Kapime, halafu mwambie yule binti ukweli. Utaona aibu, lakini hiyo aibu sasa umeilipa wewe badala ya kumlipisha mwingine.

Kama uko tayari, sali sala hii kwa sauti:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimedanganya ili nijilinde, na wengine wameumia. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Futa jina langu katika kitabu cha hukumu, uliandike katika kitabu cha uzima. Nipe ujasiri wa kusema kweli hata inaponigharimu, na wa kumlinda mnyonge hata inaponigharimu. Amina."

Umeisali kwa moyo? Umeokoka! Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, uanze kusoma Injili ya Yohana. Ila kabla jua halijazama leo, nenda kwa mtu mmoja uliyemdanganya, ukamwambie kweli.

Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako.