Lile Bomba la Zamani Liko Wapi?



Leo tunaongelea kitubio, ila njia yetu inapitia gereji. Msishangae. Bwana Yesu alifundisha kwa chachu, nyavu na mbegu, vitu ambavyo wasikilizaji wake walivishika kila siku. Mimi ninavyovishika kila siku ni funguo za magari ya watu na karatasi za majibu, maana nafanya kazi mapokezi kwenye kituo cha kupima moshi wa magari huku California. Kwa kukaa pale dirishani nimeona karibu kila mbinu ambayo binadamu anaweza kuitumia ili afaulu bila kubadilika.

Kwa mlio nyumbani, nieleze kidogo. Huku gari la petroli likishapita umri fulani lazima lipimwe moshi kila baada ya miaka 2. Lisipofaulu, usajili haufanywi upya. Sheria hii ina historia yake. Miaka ya 1940 jiji la Los Angeles lilianza kufunikwa na ukungu mchafu uliowasha watu macho na koo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia mmoja, Arie Haagen-Smit, akaonyesha kwamba gesi za magari zikikutana na jua kali ndizo zinazozaa ukungu ule. Baadaye magari yakawekewa kile ambacho mafundi wa Dar wanakiita masega, kwa sababu ndani yana vitundu vingi kama sega la nyuki. Masega hukaa kwenye njia ya moshi, yamepakwa madini ya thamani kama platinamu, na gesi ya sumu ikipita humo yakiwa ya moto, sehemu kubwa inageuka kuwa maji, naitrojeni na kaboni dayoksaidi.

Sasa kijana akipata Subaru WRX yenye turbo, ushauri wa kwanza anaopewa na wenzake ni huu: toa masega. Bomba likiwa wazi moshi unatoka bila kizuizi, turbo inaamka mapema, na mlio... jamani, mtaa mzima unajua umefika. Kisha anamtafuta mtu wa kumbadilishia programu ya kompyuta ya gari, ili isimlalamikie.

Halafu inafika barua ya usajili. Hapo ndipo utawaona. Siku chache kabla ya kupima, jamaa analala chini ya gari, anafungua bomba la wazi na kufunga lile la kiwandani lenye masega. Anapima, anafaulu, anarudi nyumbani, na jioni ileile bomba la wazi linarudi mahali pake kwa miaka 2 mingine. Ana mabomba mawili: moja la kuendeshea, moja la mtihani.

Kijana wa namna hiyo simcheki, kwa sababu namfahamu vizuri. Ni yule anayefuta programu ya kubeti kwenye simu Jumatano ya Majivu na kuirudisha Jumatatu ya Pasaka. Ni yule binti anayefuta namba ya mume wa mtu Ijumaa, anaungama Jumamosi, na namba ameiandika nyuma ya daftari, "kwa dharura tu". Dharura gani hiyo, dada yangu?

Wengine hawahangaiki hata na spana. Taa ya injini ikiwaka wanachomeka kifaa kidogo, wanafuta kasoro, taa inazima, wanakuja mbio kupima. Hapo ndipo ninapowapenda waliobuni kompyuta ya gari. Ukifuta kasoro, unafuta pia majibu ya majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe likiwa barabarani. Mkaguzi akichomeka waya wake, kompyuta inamjibu kwa lugha yake: bado sijajipima. Kwa gari la petroli la mwaka 2000 na kuendelea, jaribio pekee linaloruhusiwa kuwa halijakamilika ni la mfumo wa mvuke wa mafuta. Mengine yote lazima yawe tayari. Na tangu Julai 2019, kwa magari ya mwaka 2010 na kuendelea, wanaangalia pia zile zinazoitwa kasoro za kudumu. Hizo hazifutwi kwa kifaa, wala kwa kuchomoa betri. Kompyuta yenyewe ndiyo inayozifuta, gari likishatengenezwa kweli na kutembea vya kutosha ili ijiridhishe.

Hapa tusichanganye mambo. Padri akikuondolea dhambi, zimeondolewa palepale. Mungu hakuwekei maili za majaribio kabla ya kukusamehe, na mtu asikutishe kwa hilo. Lakini Kanisa linatufundisha pia kwamba ondoleo halitengenezi kila kitu ambacho dhambi imekiharibu. Ndiyo maana tunapewa malipizi, na aliyeiba anadaiwa kurudisha. Tena, majuto ya kweli yanabeba kusudi la kutorudia. Hakuna anayekudai uhakika kwamba hutaanguka tena, maana hakuna aliye nao. Kinachotakiwa ni nia. Na nia ya namna gani inaweza kukaa ndani ya mtu ambaye bomba la wazi amelifuta vumbi na kulihifadhi stoo?

Mtazameni Zakayo katika Luka 19. Hakuishia kusema "nisamehe". Alisimama mbele za watu na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Ukitoa kiasi hicho, hubaki na mtaji wa kurudia mchezo wa zamani. Halafu someni Matendo ya Mitume sura ya 5, habari ya Anania na Safira. Waliuza shamba, wakaficha sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Petro hakuwalaumu kwa kuwa na shamba. Alimwambia Anania wazi kwamba lilikuwa lake. Kilichowaangusha ni ule uongo mbele za Mungu. Nawaombeni mlikumbuke hili, maana kuna wanaodhani Kanisa linachukia turbo. Halichukii. Kupenda gari lenye nguvu si dhambi, na hata California ina vipuri vya kuongeza nguvu vilivyopimwa na kuidhinishwa, vyenye namba yake ya idhini. Unafunga, unapima, unalala usingizi.

Wala mchezo huu si wa vijana peke yao. Septemba 2015 dunia ilijua kwamba Volkswagen iliweka kwenye magari ya dizeli, kama milioni 11 duniani kote, programu iliyotambua gari linapokuwa kwenye majaribio. Likipimwa, moshi unakuwa safi. Likirudi barabarani, baadhi yalitoa oksaidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa Marekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliotoa fununu walifanya jambo rahisi tu: walifunga vipimo vyao kwenye gari wakaliendesha barabarani, mahali ambapo watu wanaishi. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Papa Fransisko alikuwa ametoa waraka wake Laudato Si' kuhusu utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja. Wengi tuliupokea kama habari ya misitu. Kumbe unahusu pia kinachotoka nyuma ya gari lako saa kumi na moja alfajiri.

Nasema alfajiri kwa sababu. Kuna kijana wa kwaya yetu ya Kiswahili, kwangu ni kama mdogo wangu, anayefanya kazi ghalani, na huingia kabla hapajapambazuka. Mabasi hayapo saa hizo. WRX yake ya 2013 aliinunua masega yakiwa yameshatolewa na programu imeshabadilishwa. Tangu Julai 2021 programu isiyoidhinishwa, peke yake, inatosha kukuangusha. Barua ikaja. Akanifuata baada ya Misa.

"Dada, si unawajua mafundi pale kwenu? Wachomeke waya kwenye gari lingine, waandike namba zangu. Nitatoa dola 500."

Nilimwambia hapana. Fundi angepoteza leseni, labda afikishwe mahakamani, na ana watoto. Halafu nikamkumbusha dirisha. Kwenye nyumba anayopanga, chini yake anaishi mama mmoja mwenye mtoto wa pumu, na dirisha la chumba cha mtoto linatazama maegesho. Hata gari zima likiwaka baridi linatoa moshi mbaya, kwa kuwa masega hayafanyi kazi mpaka yapate moto. Lisilo na masega linatoa sumu mwanzo wa safari mpaka mwisho.

Nikamuuliza, "Na yule mtoto umempangia dola ngapi?"

Alikasirika. Wiki 2 hakunisalimia, hata kwenye mazoezi ya kwaya alihamia upande mwingine wa besi. Siku moja akanitumia picha, bila neno lolote: masega mapya, na namba ya idhini inaonekana vizuri pembeni. Alikuwa ameuza magurudumu yake mazuri ili ayapate. Akarudishiwa programu ya kiwandani. Mara ya kwanza alikuja kupima mapema mno, kompyuta haijamaliza majaribio yake, akarudishwa. Akaliendesha siku kadhaa, barabara kuu na mitaani, maili zaidi ya 200. Mara ya pili akafaulu. Mimi ndiye niliyempa karatasi dirishani, na sikuweza kuficha meno.

Jumapili iliyopita nikamuuliza lile bomba la wazi liko wapi.

Akatazama viatu vyake. "Liko barazani, dada, chini ya turubai. Natafuta mteja."

"Mteja akalifunge wapi?"

Akanyamaza kidogo. Anajua. Atakayelinunua ni kijana kama yeye, mwenye gari kama lake, na labda mwenye dirisha la mtoto jirani. Aliniambia linaweza kumpatia dola 200 hivi, na kodi ya nyumba inakaribia. Sikumdharau kwa hilo. Dola 200 si mchezo kwa mtu wa zamu ya alfajiri. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu hapati hata nauli.

Jana usiku amenipigia. Jumamosi hii twende wote kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ila nimsaidie kulibeba maana ni refu, haliingii vizuri kwenye WRX. Tukitoka huko tunapitia parokiani. Maungamo yanaanza saa kumi jioni.