Kifungo cha shati, kifungo cha jela

Kiswahili kina neno moja, kifungo, kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo: kile cha shati, unachokifungua mwenyewe ukiona joto, na kile cha jela, ambacho ufunguo wake anao mtu mwingine. Neno hili limenikaa kichwani tangu nilipoanza kusoma habari za kemia ya supramolekuli. Mwandishi wa habari aliyesomea lugha chuoni hana sababu ya maana ya kusoma mambo hayo, ila ndiyo hivyo, unafungua makala moja saa tatu usiku na saa nane bado uko macho.

Kemia tuliyofundishwa sekondari ilikuwa zaidi ya jela. Atomu mbili zinachangia elektroni, zinashikana, na kuzitenganisha ni kazi nzito. Mpira wa tairi ni hivyo: minyororo mirefu ya atomu iliyofungwa pamoja kwa salfa. Una nguvu, lakini ukishapasuka umepasuka. Vipande viwili ukivisogeza pamoja vitakutazama tu. Jean-Marie Lehn, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1987 pamoja na Donald Cram na Charles Pedersen, alijishughulisha na jambo jingine: molekuli ambazo tayari zimekamilika zinahusianaje zenyewe kwa zenyewe? Jibu, kwa ufupi, ni kwamba zinatambuana. Umbo la moja linaendana na umbo la nyingine, kama kufuli na ufunguo (mfano huo ni wa Emil Fischer, wa mwaka 1894), kisha zinashikana kwa nguvu hafifu zinazoweza kuachia. Zikiwa nyingi hujipanga zenyewe, bila fundi wala msimamizi.

Mwaka 1997 kikundi cha Bert Meijer kule Eindhoven, Uholanzi, kilionyesha jambo hili linavyoweza kufika mbali. Walichukua molekuli fupi na kuipa kila ncha uwezo wa kushikana na ncha nyingine kwa vifungo vinne vya haidrojeni. Kifungo kimoja cha haidrojeni ni kidogo tu. Vinne kwa pamoja vikatosha kuunganisha vipande hivyo kuwa minyororo mirefu, ikawa polima kabisa. Ukiipasha moto inalainika na kutiririka; ikipoa inajirudi. Na hata ikiwa imetulia, viungo vyake huachia na kushika tena muda wote. Mnyororo upo, lakini hakuna kiungo ndani yake kilichofungwa moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mdogo.

Aliondoka kwenye ndoa yake baada ya miaka 22. Siku ya kikao cha familia mzee mmoja alisema, tena kwa upole, kwamba kama mlango ulikuwa wazi siku zote basi hata hiyo miaka 22 haikuwa ndoa. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Si ajabu, sisi wenyewe tunaandika "pingu za maisha" kwenye kadi za harusi na kuzipamba kwa maua, utadhani pingu ni pete.

Nadhani mzee alikosea, na nadhani naweza kuonyesha wapi. Hoja yake ni kwamba kilichoweza kufunguka hakikuwahi kufungwa. Kwa hoja ya namna hiyo mfano mmoja wa kinyume unatosha, na mfano uko Eindhoven: kitu kigumu, unakishika mkononi, na kila kiungo chake kinaweza kuachia. Molekuli haipendi wala haichagui, jamani, nisije nikageuka mhubiri wa vifungo vya haidrojeni. Sidai inatufundisha kuishi. Nadai tu kwamba kudumu na kushikana kweli ni mambo mawili, na mzee aliyachanganya. Mama mdogo alipika, aliuguza, alisubiri, kwa miaka 22, huku mlango ukiwa wazi. Mimi naona hilo linaipa miaka ile uzito zaidi.

Ila kuna mfano mwingine ambao haunipi raha, na huu uko karibu nasi mno. Sikoseli. Katika mnyororo mmojawapo wa himoglobini, wenye amino asidi 146, inabadilika moja tu, ya sita. Himoglobini ikishaachia oksijeni, ile iliyobadilika inapata nafasi ya kujichomeka kwenye molekuli ya jirani. Huko ni kutambuana kabisa, ufunguo na kufuli, na kinachofuata ni kujipanga: nyuzi ndefu zinazoivuta seli nyekundu mpaka ikapinda kama mundu. Seli ikirudi mapafuni na kupata oksijeni, nyuzi zinayeyuka. Kifungo kimefunguka, hakuna jela hapa. Lakini mambo yakijirudia mara nyingi ngozi ya seli inachoka, na kuna seli zinazobaki zimepinda hata nyuzi zikiwa hazimo tena.

Kwa hiyo siwezi kusema kifungo cha shati ni chema na cha jela ni kibaya. Himoglobini zinashika na kuachia zenyewe kwa zenyewe. Anayeumia ni seli iliyozibeba, ambayo haikuwa upande wa yeyote. Kama mzee angesema hivyo siku ile, ningekosa la kumjibu. Hakusema. Alikuwa anaongelea heshima ya ukoo.

Mtoto wa mwisho wa mama mdogo ana miaka 14. Ana miswaki miwili, mmoja kwa mama na mwingine kwa baba, na begi ambalo halifunguliwi lote hata likizo ndefu. Kwenye kikao kile aliambiwa akacheze nje.