Mabinti wa Selofehadi na Fomu ya Basari

Wiki hii mlango wa ofisi ya kanisa haukupumzika. Ni msimu wa basari, ya wadi na ya CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na fomu zina mahali pa kiongozi wa dini kutia sahihi, karibu na pa chifu kupiga muhuri. Nimetia sahihi nyingi. Nyingine nimezirudisha, na mzazi mmoja ameondoka amenuna, kwa kuwa fomu ilisema mtoto ni yatima ilhali baba yake ndiye anayetupangia viti Jumapili.

Kuhusu kuomba kwa kusema kweli, someni Hesabu sura ya 27. Selofehadi alifia jangwani, akaacha mabinti watano bila mwana wa kiume. Sehemu yake ya nchi ilikuwa ipotee hivi hivi. Mabinti hawakumtuma mjomba awasemee. Walisimama wenyewe mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani Eleazari na mkutano mzima, wakaeleza: baba yetu alifia jangwani, hakuwa katika kundi la Kora lililoasi, hakuacha mwana, tunaomba milki kati ya ndugu zake. Basi. Hawakumsifu Musa wala hawakujiliza. Hata jambo la baba kufa kwa dhambi yake mwenyewe walilitaja. Bwana akasema wana haki, na sheria ya urithi ikapata kifungu kipya.

Tofauti na ombi lao, barua nyingi ninazoletewa na vijana wetu wa vyuo zinajaza ukurasa kwa umaskini usio na sura. Kamati ya basari ina rundo la barua za namna hiyo mezani. Andika hivi: mama anauza mboga sokoni, tuko wanne shuleni, karo ya muhula ni kiasi hiki, tumelipa hiki, salio ni hili. Kisha ambatisha risiti, karatasi ya karo kutoka chuoni na, kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Nambari yako ya usajili inakili tarakimu kwa tarakimu. Hundi ya CDF huandikwa kwa jina la chuo, si lako. Nambari ikikosewa, ofisi ya fedha haitajua pesa hizo ni za nani, nawe utafungiwa nje ya mtihani huku karo yako imo humo humo chuoni.

Wapo wasiojaza kabisa. Wanasema basari ina wenyewe. Kwamba nyingine hugawanywa kwa kujuana, sikatai, na wanakamati walio waumini hapa wananisikia. Lakini kijana asiyepeleka fomu amewarahisishia kazi hao hao. Wengine wanaidharau kwa kuwa ni shilingi elfu chache. Wanafunzi ninaowajua waliomaliza chuo kwa njia hii walichanga kutoka huku na huku: wadi kidogo, CDF kidogo, mkopo wa serikali wa HELB, na harambee ya jumuiya.

Tena fuatilieni. Yoshua 17 inaonyesha kwamba Musa alipokwisha kufa na nchi ikigawanywa, mabinti wale walirudi kwa Eleazari na Yoshua kuwakumbusha agizo lile. Ndipo wakapewa. Kwa hiyo toeni nakala ya fomu kabla ya kuipeleka, na majina yakibandikwa, nendeni mkayasome wenyewe.

Ofisi iko wazi hadi Jumatano jioni. Fomu ije imejazwa, na mwenye fomu aje nayo. Fomu tupu siitii sahihi. Na yeyote anayewauzia fomu hizo, nileteeni jina lake, maana hutolewa bure.