Shomoro wa Tano

Kamati yetu hapa Ganjoni inataka kuukata mwarobaini wa uani tupate pa kuegesha magari. Nilikubali haraka. Nimesomea biashara: kitu kilichojaa, bei yake huwa chini, na miarobaini Mombasa imejaa.

Kisha nikasoma habari za ndege mwimbaji wa kisiwa cha Kauai, kule Hawaii, aitwaye 'o'o. Sauti yake ilisikika mara ya mwisho 1987. Mwaka 2023 Marekani ikatangaza rasmi kwamba ametoweka. Nilihuzunika kweli. Lakini zamani huyo naye alikuwa wa kawaida tu msituni kwao, kama mwarobaini wetu. Sasa, thamani yake ilianza lini? Alipobaki mmoja?

Linganisha Mathayo 10:29 na Luka 12:6. Wawili kwa senti moja, watano kwa senti mbili. Nyinyi wa Marikiti hesabu hiyo mwaijua: wa tano ni nyongeza, hana bei. Na Yesu asema hata huyo Mungu hamsahau.

Sisemi mti usikatwe kamwe. Wenye magari nao ni waumini (ingawa kina mama wanaosubiri ibada ya pili hukaa kivuli hicho hicho). Lakini sababu niliyoitoa mimi, kwamba iko mingi, imeanguka. Kamati inakutana Jumanne. Nitaomba kura yangu irudishwe.