Ramadhani 17: Hiyo ni subira, au ni kujificha?



Ndugu yangu, Allah akukubalie funga yako. Leo tutafakari jambo ambalo vijana wengi hawalisemi.

Mchukue kijana wa miaka 24. Amefunga, mzima tu. Kabla ya Adhuhuri anaingia chooni, anaona mkojo mwekundu. Haumuumi popote. Anajiambia, "Joto tu hili, sijanywa maji." Kesho yake mkojo safi. Wiki mbili baadaye damu inarudi. Anaona haya kusema. "Ngoja Idi ipite," anasema, "mvumilivu hula mbivu."

Je, hiyo ni subira?

Mara nyingi damu hiyo ni kichocho au mawe, na dawa ipo. Mara chache ni saratani ya figo. Wengi wanaougua hugundulika wakiwa wameshavuka miaka 60, ndiyo maana kwa kijana hakuna anayeifikiria. Na ipo aina moja inayowapata hasa vijana waliorithi chembe moja tu ya sikoseli, watu wasioumwa, wengine hawajui hata kama wanayo. Ni nadra sana, lakini kali mno. Wengi hugundulika imeshasambaa.

Takwimu za Marekani kuhusu saratani ya figo kwa jumla ziko hivi: ikikutwa bado imo ndani ya figo, zaidi ya 9 kati ya 10 wako hai miaka mitano baadaye. Ikishafika mbali mwilini, ni karibu 2 tu kati ya 10.

Sasa fikiria. Subira ni kuridhika na alichokukadiria Mola wako. Lakini wewe hujapima, utajuaje amekukadiria nini? Huenda alikukadiria ugonjwa pamoja na dawa yake, wewe ukachukua ugonjwa ukaiacha dawa. Hapo unavumilia kitu ambacho hukuombwa ukivumilie.

Utaniuliza: na yule ambaye atapima akute imeshasambaa, amefaidika nini? Amefaidika, wallahi. Atapunguziwa maumivu. Atalipa madeni, ataomba radhi, ataandika wasia. Ndugu zake nao watajua kuwa wapime damu. Subira yake inaanzia hapo, kwa sababu sasa anajua anachokisubiria.

Na usiogope kuwa utaharibu funga. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Rukhsa hiyo imo ndani ya Qur'ani, wala si udhaifu wa imani.

Kazi ya leo: baada ya futari, kabla ya tarawehe, muulize mdogo wako au rafiki yako, "Kuna kitu mwilini kinakusumbua hujatuambia?" Kisha nyamaza, msikilize. Kama mwenye hiyo siri ni wewe, mwambie mtu mmoja usiku huu, na kesho nenda kapime mkojo.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utupe ujasiri wa kusema kabla hatujachelewa. Aamiin.

Mtumie na mwenzako.